Hesabu ya Watu wa Nyali: Namba Tasa na Jina Lake Katika Kiswahili

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019 wakazi wa Kenya walihesabiwa. Matokeo yalipotangazwa mwezi wa Novemba mwaka ule ule, kaunti ndogo ya Nyali, iliyo bara kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, ilionekana kuwa na watu 216,577. Jina la Nyali huwafanya wengi wafikirie majumba ya ufukoni na bustani zake, lakini hesabu hiyo ni ya wachuuzi wa soko la Kongowea kama ilivyo ya wenye majumba. Ni ya watu wa Mkomani, wa Ziwa la Ng'ombe, wa Kadzandani, na wa Frere Town, mji ulioanzishwa na wamisionari mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa.

Namba hii inastahili kuchunguzwa na wanafunzi wa lugha kwa sababu mbili. Kwanza, ina tabia ya kihisabati ambayo namba nyingi za ukubwa wake hazina, na kuieleza tabia hiyo kwa Kiswahili kunatulazimisha kuyapima maneno ya hisabati tuliyonayo. Pili, namba yenyewe haina utata inapotamkwa, ilhali jirani yake wa karibu, yaani 216,000, ina utata mkubwa. Sababu ya tofauti hiyo haimo katika hisabati bali katika sarufi ya Kiswahili, na wala si jambo la mchezo: fedha hulipwa kwa kufuata maneno.

Namba yenyewe

Namba 216,577 haigawanyiki kwa namba nzima yoyote isipokuwa kwa moja na kwa yenyewe. Katika shule za msingi za Tanzania, ambako hisabati imekuwa ikifundishwa kwa Kiswahili tangu miaka ya mwisho ya 1960, namba ya namna hiyo huitwa namba tasa. Katika shule za Kenya somo hili hufundishwa kwa Kiingereza, na kwa hiyo mtoto wa Kongowea anayezungumza Kiswahili tangu kuzaliwa huweza kuijua maana bila kulijua neno, wakati mwenzake wa Tanga amelijua neno akiwa darasa la chini.

Jinsi ya kuthibitisha utasa wake ni rahisi kueleza ingawa ni kazi ya kuchosha. Namba yoyote inayogawanyika lazima iwe na kigawo kisichozidi kipeuo chake cha pili, kwa kuwa vigawo huja kwa jozi, na katika kila jozi kimoja ni kidogo au ni sawa na mwenzake. Kipeuo cha pili cha 216,577 ni kama 465.4. Yatosha basi kuijaribu kwa namba tasa zote kuanzia 2 mpaka 463, nazo jumla yake ni 90. Njia ya kuzipata hizo 90 ni ya kale: ni ile ya chekeche inayotajwa kwa jina la Eratosthenes, mzaliwa wa Kurene katika Afrika ya Kaskazini na mtunza maktaba wa Iskandaria, aliyeishi katika karne ya tatu kabla ya Kristo. Mtu huziandika namba kwa mfuatano, akafuta vigawe vya 2, kisha vya 3, kisha vya 5, na kuendelea. Zinazobaki katika chekeche ndizo tasa. Namba ya Nyali ikigawanywa kwa kila moja ya hizo 90, kila mara hubaki baki. Kwa 47 hubaki 1 tu, maana 47 mara 4,608 ni 216,576. Ni karibu sana, lakini katika jambo hili ukaribu hauna faida.

Baadhi ya majaribio hayo yanaweza kufupishwa kwa kuigawa namba pale pale ambapo ulimi wa Mswahili huigawa, yaani penye elfu. Elfu moja na moja, 1,001, ni zao la 7, 11 na 13. Kwa sababu hiyo, mtu akiondoa sehemu ya elfu, 216, katika sehemu inayofuata, 577, akapata 361, baki la 361 kwa 7, kwa 11 au kwa 13 litakuwa ndilo baki la namba nzima. Mabaki hayo ni 4, 9 na 10. Kwa hiyo hakuna hata kimoja kati ya vigawo hivyo vitatu kinachoingia. Vivyo hivyo 999 ni zao la 27 na 37. Sehemu mbili zikijumlishwa hupatikana 793, ambayo ikigawanywa kwa 37 hubaki 16. Anayependa kuhesabu kwa laki naye ana lake. Namba 99,999 ni zao la 9, 41 na 271. Basi tukichukua laki 2 na kuzijumlisha na 16,577 iliyobaki tunapata 16,579, na jumla hiyo hubakiza 15 kwa 41, na 48 kwa 271. Mgawanyo wa namba katika lugha, ambao huonekana kuwa ni mazoea tu, unageuka kuwa chombo cha hesabu.

Yapo mengine mawili ya kutaja kwa haraka. Sehemu ya elfu, 216, ni 6 mara 6 mara 6, na kwa hiyo 216,000 ni kipeo cha tatu cha 60. Na 577 iliyobaki ni namba tasa kwa haki yake. Tena, 216,577 ikigawanywa kwa 4 hubaki 1. Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, alidai kwamba kila namba tasa ya namna hiyo ni jumla ya vipeo viwili vya pili, na kwa njia moja tu. Euler akatoa uthibitisho katika karne iliyofuata. Kwa namba yetu vipeo hivyo ni vya 231 na 404: cha kwanza ni 53,361, cha pili ni 163,216, na jumla yake ni watu wote wa Nyali.

Isije ikadhaniwa kwamba pana muujiza. Katika namba za ukubwa huu, karibu moja kati ya kila kumi na mbili ni tasa. Kaunti ya Mombasa ina kaunti ndogo sita, na hesabu zake za mwaka 2019 ni Changamwe 131,882, Jomvu 163,415, Kisauni 291,930, Likoni 250,358, Mvita 154,171 na Nyali 216,577. Za Changamwe, Kisauni na Likoni ni shufwa, na hivyo 2 inaingia. Ya Jomvu inaishia kwa 5. Ya Mvita inaonekana ngumu mpaka ifikiwe 151, maana ni 151 mara 1,021. Nyali peke yake ndiyo tasa. Jumla ya zote sita, 1,208,333, ni kigawe cha 7. Laiti mtoto mmoja zaidi angalizaliwa Mkomani kabla ya usiku ule, hesabu ingalikuwa 216,578, shufwa, na sifa hiyo yote ingalipotea.

Na hapo ndipo neno lenyewe linapochekesha kidogo. Tasa ni mwanamke asiyezaa, au mnyama asiyezaa. Nayo namba iliyopewa sifa hiyo ni hesabu ya mahali ambapo watoto huzaliwa kila siku. Waliolibuni neno hili la hisabati walitazama upande mmoja tu, kwamba namba hiyo haitoi vigawo, kama vile tumbo lisilotoa mtoto. Lakini ukitazama upande wa kuzidisha, mambo ni kinyume. Kila namba nzima inayozidi moja ama ni tasa ama imezaliwa na tasa kwa kuzidishwa. 154,171 ni mtoto wa 151 na 1,021. Namba tasa ndizo wazazi wa namba zote, na zenyewe ndizo zisizo na wazazi. Wayunani waliziita namba za kwanza, na Waarabu wakawafuata. Istilahi yao ilitazama asili, ya Kiswahili ikatazama kikomo. Haifai kulilaumu sana neno lililokwisha kuzoewa na vizazi vya wanafunzi. Hata hivyo mwalimu anayelitumia afadhali ajue kwamba sitiari yake inamwelekeza mwanafunzi mahali pasipo, na kwamba swali la kawaida darasani, la kwa nini namba tasa ni muhimu ikiwa haizai kitu, limezaliwa na neno na wala si na hisabati. Shufwa na witiri hazina taabu hiyo. Yametoka katika Kiarabu, na mwenye kuswali witiri baada ya isha anaijua maana yake kabla hajaingia darasani.

Jina lake

Namba 216,577 inaweza kutajwa kwa Kiswahili kwa njia tatu, mbali na ile ya kutaja tarakimu moja moja kama watu wanavyotaja namba ya simu. Wa kwanza atasema laki mbili na elfu kumi na sita na mia tano na sabini na saba. Wa pili, elfu mia mbili na kumi na sita na mia tano na sabini na saba. Wa tatu, mia mbili na kumi na sita elfu na mia tano na sabini na saba. Njia zote tatu husikika Mombasa, na pengine kinywani mwa mtu mmoja katika siku moja.

Tuichunguze njia ya pili, kwa kuwa ndiyo inayofuata sarufi ya Kiswahili kikamilifu zaidi. Neno elfu ni nomino, na katika Kiswahili hesabu huifuata nomino: siku mbili, nyumba tatu, elfu nne. Neno mia nalo ni hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba mia haibebi zaidi ya tarakimu moja: baada ya mia tisa huja elfu. Elfu hubeba hesabu ndefu, kumi na sita, mia mbili na kumi na sita; na hesabu hiyo ndefu imeunganishwa kwa "na" ile ile inayounganisha elfu na mabaki yake. Msikilizaji anayesikia "elfu kumi na sita" hana alama yoyote ya sarufi inayomwambia kama "na sita" iko ndani ya elfu au iko nje. Ikiwa ndani, namba ni 16,000. Ikiwa nje, ni 10,006.

Kwa mlolongo wa sehemu tatu utata unazidi. "Elfu mia mbili na kumi na sita" ni jina la 216,000, na la 210,006, na la 200,016. Kati ya kubwa na ndogo pana tofauti ya 15,984.

Mbona basi 216,577 haina utata? Kwa sababu sehemu zake, zikiandikwa kwa mfuatano wa kutamkwa, ni 200, 10, 6, 500, 70, 7. Zinateremka mpaka 6, kisha zinapanda ghafla mpaka 500. Katika Kiswahili hesabu hutajwa kwa kuteremka kutoka kubwa kwenda ndogo, na mteremko ukikatika ni ishara kwamba kundi moja limekwisha na jingine limeanza. Sikio la msemaji hulijua jambo hili bila kufundishwa. Mpaka wa elfu umewekwa na mpando huo, si na neno lolote.

Kutokana na hayo kanuni inaweza kuwekwa. Jina la namba iliyo kati ya 1,000 na 999,999, likitajwa kwa njia ya pili, lina utata pale tu ambapo sehemu zote zinazofuata elfu zinateremka bila kukatika, yaani kila moja ni ya daraja la chini kuliko iliyotangulia, na sehemu zenyewe ni mbili au tatu. Namba ya kwanza kupatwa ni 10,001, ambayo jina lake, elfu kumi na moja, limekwisha kuchukuliwa na 11,000. Mpaka elfu tisa lugha ilikuwa salama kabisa.

Yafaa kuhesabu ukubwa wa tatizo, kwani linahesabika. Majina yenye sehemu mbili zinazoteremka ni 243, na kila moja ni la namba mbili. Majina yenye sehemu tatu ni 729, na kila moja ni la namba tatu. Jumla ni majina 972 kwa namba 2,673. Katika namba 999,000 zilizopo kati ya mipaka hiyo, 2,673 ni kidogo sana, hazifiki tatu katika kila elfu. Na mtu wa takwimu angeweza kusema jambo hili halina uzito. Lakini tukizitazama namba zenyewe tunaona ni zipi. Kutoka elfu moja mpaka elfu mia tisa na tisini na tisa pana elfu kamili 999, zisizo na mia wala kumi wala moja baada yake. Kati ya hizo, zisizo na utata ni 27 tu, zile zenye tarakimu moja isiyo sifuri, kama elfu tano au elfu thelathini. Zote zilizobaki, 972, zina utata. Na hizo ndizo namba ambazo watu hutamka: bei ya kiwanja, karo, mshahara, kodi ya nyumba, mahari. Hakuna anayeuza kiwanja Nyali kwa shilingi zinazoishia na mia tano na sabini na saba.

Ni kweli kwamba msikilizaji wa kawaida, akisikia elfu mia mbili na kumi na sita, hufahamu 216,000 bila kusita. Mazoea yamempa ushindi mmoja kati ya wadai watatu. Lakini ushindi huo una gharama yake: namba nyingine 1,701 zimeachwa bila jina la kwao, na anayetaka kuzitaja lazima anyamaze kidogo mahali panapofaa, au aweke mkato katika maandishi, elfu mia mbili na kumi, na sita. Kunyamaza hakuandikwi. Mkato hupotea mwandishi anaponakili.

Sheria nayo ina neno hapa. Sheria ya Kenya inayohusu hundi na hawala, iliyofuata ile ya Uingereza ya mwaka 1882, inasema kwamba kiasi kikiandikwa kwa maneno na kwa tarakimu, na viwili hivyo visipopatana, kinachopaswa kulipwa ni kile cha maneno. Waliotunga kanuni hiyo walichukulia kwamba maneno ni imara kuliko tarakimu: sifuri moja huongezwa kwa nukta ya kalamu, neno haliongezwi. Kwa lugha waliyoifikiria walikuwa na haki. Katika Kiswahili, ambacho Katiba ya mwaka 2010 imekifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza, hundi ya shilingi elfu mia mbili na kumi na sita inaelekeza kwenye maneno ambayo yenyewe yanahitaji tarakimu ili yafahamike. Mlinzi amewekwa chini ya ulinzi wa mfungwa.

Upatanisho

Lugha hata hivyo haikuwa bila dawa, na dawa yake ilikuwa ni ile ile inayowatesa wanafunzi wageni: upatanisho wa ngeli. Tuseme ni watu wanaohesabiwa. Watu elfu kumi na tano ni 15,000, kwa maana "tano" imepatana na elfu. Watu elfu kumi na watano ni 10,005, kwa maana "watano" imepatana na watu. Kiambishi kimoja kidogo kimesema kile ambacho "na" ilishindwa kusema. Kwa sehemu tatu kinasaidia nusu tu: watu elfu mia mbili na kumi na watano si 215,000, hilo ni wazi, lakini bado haijulikani kama ni 210,005 au 200,015. Hapo laki inakamilisha kazi. Watu laki mbili na elfu kumi na tano, watu laki mbili na elfu kumi na watano, watu laki mbili na kumi na watano: majina matatu, namba tatu, wala hapana mgongano. Neno laki lilikuja pwani kutoka Bara Hindi pamoja na biashara, na wapo wanaolichukia katika maandishi rasmi kwa kudhani ni la sokoni. Ukweli ni kwamba linatenda kazi ambayo elfu haiwezi.

Dawa hii ina kasoro mbili, na zote mbili zinaigusa namba ya Nyali.

Ya kwanza ni kwamba si kila tarakimu inapatana. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hupokea viambishi vya ngeli. Sita, saba na tisa, yaliyotoka katika Kiarabu, hayapokei. Watu elfu kumi na sita ni 16,000 na pia ni 10,006, hata msemaji awe hodari namna gani. Maneno ya Kibantu yaliyokuwa mahali pa hayo matatu hayakupotea kabisa: fungate imebaki kwa siku saba za harusi, na kenda ingali hai Mombasa na vijijini mwake, wala hakuna anayeweza kuisahau maadamu Wamijikenda, watu wa miji kenda, ndio wenyeji wa bara hiyo ya Kisauni na Nyali. Wageni hao watatu wamo katika jina la 216,577 mara mbili, sita na saba. Kwa bahati nzuri namba hiyo inaokolewa na mteremko uliokatika. Jumla ya kaunti, 1,208,333, huishia kwa thelathini na watatu, na upatanisho unajionyesha bila kuombwa.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Upatanisho husaidia pale ambapo nomino inayohesabiwa ina viambishi tofauti na vile vya elfu. Watu, viti, miti, mayai, hapo pana tofauti. Lakini shilingi iko katika ngeli moja na elfu. Shilingi elfu kumi na tano: "tano" ya shilingi na "tano" ya elfu ni neno moja. Kitu kinachohesabiwa kwa uangalifu kuliko vyote, na ambacho watu hugombana juu yake kuliko vyote, ndicho kilichoangukia katika ngeli isiyo na kinga.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Kabla elfu haijatawala palikuwa na neno kikwi, wingi wake vikwi, au zikwi katika lahaja za kaskazini na katika ushairi. Hilo lina ngeli yake na viambishi vyake. Shilingi vikwi kumi na vitano ni 15,000. Shilingi vikwi kumi na tano ni 10,005. Elfu ilipolisukuma kikwi pembeni, wafanya biashara walipata neno linaloeleweka Maskati na Unguja, lakini walipoteza tofauti hiyo, na inaelekea hakuna aliyetambua, kwa kuwa zama zile wachache walitaja vikwi zaidi ya tisa kwa siku. Hali kadhalika miteni na elfeni, yaliyobeba wingi wa mbili wa Kiarabu, yamekwisha kuachwa na walio wengi; hasara yake ni ndogo, kwani mia mbili na elfu mbili hayana utata.

Sasa kuhusu njia ya tatu, ile ya kutanguliza hesabu: kumi na sita elfu, mia mbili na kumi na sita elfu. Walimu wengi huikataza kwa sababu inavunja mpango wa nomino na sifa yake, na ni kweli inauvunja. Lakini faida yake ni kamili. Elfu ikikaa mwisho wa kundi lake hufunga mlango: chochote kilichotangulia ni chake, chochote kinachofuata si chake. 216,000 ni mia mbili na kumi na sita elfu. 210,006 ni mia mbili na kumi elfu na sita. 200,016 ni mia mbili elfu na kumi na sita. Hakuna hata namba moja kati ya zile 2,673 inayobaki katika shaka. Wazee wa pwani wanaosema hivyo huenda hawana habari ya daraja za tarakimu, na pengine wameiga Kiarabu, ambacho hutanguliza hesabu mbele ya elfu. Ila sikio lao limechagua kuvunja kanuni ndogo ili kulinda maana. Mwalimu anayesahihisha "kumi na sita elfu" kwa wino mwekundu anarudisha sarufi na kuondoa 5,994, ambazo ndizo tofauti kati ya 16,000 na 10,006.

Kwa milioni hadithi ni ile ile, ila kwa kiwango kikubwa zaidi. Milioni kumi na mbili ni 12,000,000 na pia ni 10,000,002, na upatanisho wa shilingi hausaidii huko pia. Hesabu ya Kenya nzima ya mwaka 2019, watu 47,564,296, inapita salama kwa sababu baada ya milioni arubaini na saba huja neno elfu, ambalo ni la daraja la chini ya milioni lakini la juu ya saba, na mteremko unakatika hapo. Bajeti za serikali, ambazo hukatwa penye milioni kamili, hazina bahati hiyo. Nazo ndizo husomwa redioni kwa Kiswahili, mara moja, kwa haraka, na msomaji asiye na nafasi ya kunyamaza kati ya kumi na mbili.